Levi na Mwamba wa Mama Mkwe

Lori la mahindi lilipoanza kulia ubavuni kama kitanda cha wageni, watu wa Kitale hawakuulizana. Walilipeleka kwa Levi. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Tuwan, kimezungukwa na mabamba ya chuma yaliyopinda kama mbavu za ng'ombe, na katikati alisimama yeye mwenyewe, mrefu, mpana, mwenye viganja ambavyo wateja walisema ni sinia mbili. Dawa yake ilikuwa moja. Springi ikilegea, aliongeza bamba. Ikilegea tena, aliongeza jingine. Wenye malori walipenda gari gumu, gumu kabisa, la kupakiwa magunia mpaka dereva anasali kabla ya kuwasha.

Nyumbani na kanisani, alikokuwa shemasi, alijulikana kuwa mtu asiye na mchezo. Wenzake wakicheka, Levi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama anayeuwekea akiba upande wa pili. Mke wake Nelima, mama wa mtoto wao Festus, alikuwa ameshazoea. Kwa hiyo hakuna aliyejiandaa kwa mambo ya mwaka 2009.

Yalianza ndani ya robota la mitumba. Adow, aliyeuza nguo na vitu vya watoto sokoni, alifungua robota akakuta gari la rimoti la ajabu. Halikuwa na bodi, ila kiunzi cha chuma na waya zinazoning'inia. Magurudumu yake yalikuwa makubwa kupita mwili, yenye meno kama ya trekta, na kila gurudumu lilikuwa na shoki yake ndogo ya kumeza mtikiso, lakini springi zote nne zilikuwa zimepotea. Adow alimpelekea Levi akisema amemletea mgonjwa wa saizi ya kuku, amtibu kama anavyoyatibu malori yake ya saizi ya ng'ombe.

Levi aliligeuza juu chini. Alifunga betri yake kwenye betri ya lori, akaweka balbu ya indiketa katikati ili umeme usiingie kwa pupa, akasubiri. Kisha akalitia chini, akavuta antena ya rimoti, akabonyeza.

Gari halikukimbia. Magari mengine ya rimoti huchomoka, hugonga ukuta na kulala. Hili lilitembea polepole, kwa adabu, mpaka kwenye rundo la mabamba. Hapo likainua gurudumu moja, likapapasa chuma, likashika, likainua la pili, likapanda. Lilifika juu likakaa likitikisika, kama mtu aliyesahau alichokwenda kutafuta.

Levi akacheka. Nelima, aliyekuwa amefika na chakula cha mchana, alisimama na bakuli mkononi. Hakuwahi kukisikia kicheko kile. Kilikuwa chembamba, kinakimbia, kinapanda na kushuka, na kilitoka kwa mwanamume yule mpana kama maji yanayotoka kwa ghafla kwenye bomba lililokauka.

*

Mama yake Nelima aliitwa Nakhungu, na aliishi Sang'alo, upande wa Bungoma, ambako mawe makubwa yamelala vilimani, moja juu ya bega la jingine. Nyumba yake ilikuwa juu ya mwamba. Njia ya watu ilizunguka kwa nyuma. Mbele, mwamba ulishuka kwa ngazi za asili mpaka kwenye ghala la mahindi, ngazi ambazo hata mbuzi walizitazama mara mbili.

Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Tangu harusi yake, Levi hakuwahi kulivuka lile ghala. Alisimama pale chini, akasalimiwa kupitia Nelima, akala alicholetewa, akarudi Kitale. Kama alimjua mama mkwe wake, alimjua kwa leso zake zilizoanikwa na kwa kikohozi chake cha asubuhi.

Wakati wa mvua za mwaka uliotangulia Nakhungu aliteleza, akaumia nyonga, akalala juu ya jiwe mpaka mwanamke wa kuuza maziwa alipopita. Tangu hapo Nelima alitaka jambo moja tu, mama yake ahamie Kitale. Levi alijenga nyumba ndogo kwenye kiwanja chao, akaugeuza mlango wake utazame upande mwingine, akaitengenezea njia yake, choo chake na lango lake. Nakhungu alishukuru, kisha akakataa. Kiwanja ni kiwanja, alisema. Siku moja atatoka na maji ya kuoga amkute mkwe kwenye kona. "Nitajificha wapi?" aliuliza.

Pasaka walikwenda Sang'alo. Levi alilibeba gari la rimoti ndani ya mfuko wa unga, kwa sababu alikuwa ameshafika hatua ya kutoweza kuliacha nyumbani. Akiwa ghalani, akisubiri chai, alilitoa. Liliusogelea mwamba, likaipanda ngazi ya kwanza, na Nakhungu, aliyekuwa mlangoni juu, aliona kitu chenye miguu minne kinamjia. Alimwita binti yake amwulize mkwe anafuga mnyama gani. Kabla Nelima hajafika nusu ya njia na swali hilo, gari lilifika kwenye ngazi ya pili, likainua kichwa, likainua zaidi, likaanguka chali, magurudumu yakizunguka hewani.

Nakhungu alicheka mpaka akashika kizingiti. Na kwa kuwa alikuwa amefurahi, na kwa kuwa Nelima alichagua wakati huohuo kumsihi tena kuhusu Kitale, alisema neno lililofunga mjadala. Gari lile likiupanda mwamba wake mpaka mlangoni bila kuguswa na mtu, yeye atafunga mizigo. Lisipoweza, habari za Kitale zisitajwe tena mbele yake, hata kwenye maombi. Atawapa mpaka Agosti, shule zikifungwa.

Njiani wakirudi, walipopita Webuye, Nelima alimgeukia.

"Baba Festus," alisema, "wewe umemtia mama yangu kwenye kamari."

Levi alilikumbatia gari kwenye mfuko wa unga. "Litapanda," alisema.

*

Kosa lake la kwanza lilikuwa kosa la Kitale. Alitengeneza springi nne kutoka kwa spoki za baiskeli, ngumu, nzuri, zinazong'aa, springi za kubeba magunia. Aliliweka gari chini likasimama wima kama askari wa gwaride. Lilipofika kwenye jiwe, halikuinama. Liligonga, likaruka, likaanguka. Alifanya alichokijua, akaongeza ugumu. Likaruka juu zaidi, likamgonga kwenye goti.

Jerop ndiye aliyemwambia. Alikuwa mwanamke wa kutoka Cherangani, mwenye lori lake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe, na siku hiyo alikuwa amekaa juu ya gurudumu akisubiri springi yake.

"Fundi, si hilo gari halijabeba kitu?" alisema. "Ati umelifunga kama linapeleka mahindi Nairobi. Hebu liache lipumue."

Levi alilitazama gari. Ilikuwa kweli. Hakuna gunia hata moja juu yake. Tangu alipojifunza kazi hakuwahi kutengeneza springi ya kitu kisichoelemewa. Alirudi nyumbani akiwaza ulaini, na macho yake yakatua dirishani, kwenye ile springi ndefu ya pazia, laini, iliyovutwa kutoka msumari mpaka msumari.

Nelima aliporudi kutoka kwa kwaya alikuta pazia limekunjwa vizuri juu ya kiti na dirisha likiwa wazi kama jicho. Majirani wote waliona kwamba familia ya shemasi hula mbele ya televisheni. Levi alikuwa ameshaichuna plastiki ya ile springi, akaikata vipande vinne, akavivuta kidogo ili pete zake ziachane. Gari sasa lilikaa kwa unyonge, limelegea mabega. Lakini lilipofika kwenye jiwe, gurudumu moja lilipanda huku matatu yakibaki chini, yametulia, kila moja likishika lake. Nelima alikuwa amefungua mdomo agombe. Aliufunga, akainama, akatazama. "Hebu rudia," alisema.

Shoki nazo zilitaka mafuta. Aliweka ya gia, na miguu ikawa mizito, ikishuka polepole kama inayoteremka kwenye uji. Gari likifika ng'ambo ya jiwe gurudumu lilibaki limening'inia hewani, halijui kama limefika. Mafuta mepesi aliyapata kwa Sufian, fundi wa cherehani aliyeshona kanzu na sare za shule karibu na msikiti. Sufian alitoa kichupa chake cha mafuta ya cherehani, akataka kujua cherehani gani hiyo. Alipoonyeshwa, aliacha kanzu ya mtu nusu ya mkono, akafunga duka, akafuata mafuta yake.

Lakini mwamba ulikuwa Sang'alo, na Levi hangeweza kwenda kuupima. Ngazi zake zote zilikuwa ng'ambo ya ghala. Nelima alimwomba mama yake apime kwa shubiri na kuwapa habari kwa simu.

Simu lilikuwa jambo ambalo wazee hawakuwahi kulitolea hukumu. Nakhungu aliamua mwenyewe. Hangezungumza na mkwe. Angezungumza na binti yake, na kama simu ya binti yake inapiga kelele mpaka nje ya dirisha, hilo ni shauri la simu. Basi kila Jumapili jioni Nelima alikaa ndani na simu mapajani, Levi akasimama nje, chini ya dirisha lisilo na pazia.

Mwambie mkwe, simu ilisema, ngazi ya kwanza kimo chake ni shubiri moja. Levi, nje, alimwambia Nelima amwulize mama upana wake. Nelima akamwuliza mama upana wake. Mama, aliyekuwa amesikia mara ya kwanza, alingoja kwa heshima mpaka aulizwe mara ya pili, akajibu kwamba upana ni shubiri mbili kasoro kidole. Mwambie mkwe ngazi ya tatu ina tumbo. Mwambie mkwe ya nne ina ufa, gurudumu lisiingie humo, mimi mwenyewe nimepoteza kijiko humo.

Jumapili baada ya Jumapili Nakhungu alipima zaidi ya alivyoombwa. Alipima ufa. Alipima kivuli. Alieleza umande unakauka upande gani kwanza. Mara moja alipiga Jumatano, kwa pesa zake za simu, kusema kwamba amekaa chini akafikiri, na kwa maoni yake lile gari lina kichwa chepesi. Nelima alimkumbusha kwamba ni yeye aliyetaka lishindwe. Simu ikasema salio linaisha.

Kibandani, Levi alikusanya mawe na kuujenga mwamba. Aliupima kwa kiganja chake, shubiri kwa shubiri kama alivyoambiwa, tumbo hapa, ufa pale. Mwamba ulipanda mpaka ukazidi paa la kibanda cha jirani wa pancha. Jerop alipokuja aliegesha lori barabarani.

"Nimekuja kwa fundi wa springi," alisema, "nimekuta mlima. Sasa niite mwongozaji?"

Na mwamba huo wa kibandani uliwafundisha jambo lililobaki. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma gari lina nafasi, na Levi aliiita nafasi hiyo hatua. Hatua ya gari lile ilikuwa fupi. Kila lilipoinua mbele kwenye ngazi ndefu, uzito wote uliangukia nyuma, likapinduka. Levi alikata bomba za antena ya zamani ya televisheni, akatengeneza fito ndefu zaidi za kushika ekseli. Hatua ikawa ndefu. Kishafti cha katikati, kinachopeleka nguvu ya mota kwenye magurudumu, kilikuwa cha vipande vya kuingiana, kikajivuta chenyewe. Gari halikupinduka tena. Kisha aliigeuza mota ikakaa mbele, akabandika vipande vizito vya risasi, vile vya kubalansia magurudumu ya malori, kwenye rimu za mbele, na kichwa kikawa kizito, kama Nakhungu alivyosema.

Mwisho wa Julai, siku ya soko, gari liliupanda mwamba wa kibandani kutoka chini mpaka juu. Sufian alishika kichwa kwa mikono miwili. Watu wa pancha walipiga makofi na spana. Levi alicheka kile kicheko chembamba mpaka akaketi chini, na shemasi mwenzake aliyekuwa akipita aliingia kuuliza kama kuna msiba.

*

Agosti Jerop alikuwa na mzigo wa kushusha Bungoma. Aliwapakia wote, Levi, Nelima na Sufian, akashusha mzigo, na badala ya kurudi akaelekea Sang'alo, akisema hawezi kusimuliwa jambo aliloliona likizaliwa.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshaukausha mwamba. Nakhungu alikuwa mlangoni juu, amevaa leso mpya, uso ameugeuzia pembeni kama ilivyo adabu. Levi alisimama ghalani na rimoti. Majirani walikaa juu ya mawe pande zote. Nelima alisimama katikati ya mwamba, kando ya ngazi, ili apeleke maneno juu na chini. Hakuwa amekula tangu jana.

Gari lilianza. Ngazi ya kwanza lilipanda kama mtu anayeingia kwake. Lilifika kwenye ya pili, likainua mbele, na magurudumu ya mbele yakagonga ukuta wa ngazi ya tatu wakati ya nyuma bado yako chini, hayajaimaliza ya kwanza. Tumbo la gari likakaa kwenye ukingo. Magurudumu yote manne yakazunguka, meno yakikwaruza hewa, na gari likabembea hapohapo, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtoto juu ya bawa la mlango.

Levi alijaribu kushoto. Alijaribu kulia. Hakuna gurudumu lililoshika kitu. Mwamba huu haukuwa ule aliojenga. Ngazi zilikuwa zilezile, tumbo lilelile, ufa uleule, lakini zote zilikuwa zimesinyaa, kama nguo iliyofuliwa kwa maji moto.

Nelima aliketi kwenye jiwe. Hakulia, lakini aliketi.

Jerop ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kusikika kila mahali, ni nani alipima huu mwamba. Wakasema Nakhungu. Kwa kipimo gani? Kwa shubiri. Shubiri ya nani? Macho ya wote yakatoka ghalani, yakapanda ngazi, yakafika mlangoni.

Levi alikitazama kiganja chake, sinia yake, akakifungua na kukifumba. Alikuwa mkwe wa mwanamke huyu miaka yote hiyo na hakujua mkono wake ni mkubwa kiasi gani. Angejuaje? Hajawahi kuushika.

Juu, Nakhungu naye alikuwa ameshaelewa. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha mkaa. Alishuka mpaka ngazi ya juu kabisa, akaweka kiganja chake kwenye jiwe, akachora kukizunguka, kidole kwa kidole, kwa uangalifu wa mtu anayekata kitambaa cha ghali. Kisha akarudi mlangoni, akageuza uso, akamwambia Nelima amwambie mkwe aje apime.

Majirani walitazamana. Ghala lilikuwa pale. Levi alilitazama kama mto uliofurika. Nelima akasema mama amesema, na mama amegeuza uso, basi.

Akalivuka. Alipanda kwa njia ya watu, akageuzia uso wake upande mwingine kadiri alivyoweza, akapiga magoti, akaweka mkono wake juu ya mchoro. Mkono wa mama mkwe wake ulipotea wote chini ya wake. Kidole kidogo cha Levi kilikipita cha mama mkwe kama mtu mzima anavyompita mtoto. Alikaa hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika kwa kupima, halafu kidogo tena, na mkaa ukamshika kiganjani. Aliposhuka alikuwa anajifuta macho, na uso wake ukabaki na masizi mpaka jioni.

Majirani wengine walisema basi, limeshindwa, limekaa tumbo, kila mtu ameona. Aliyewajibu ni Nakhungu, kupitia binti yake. Waambie gari halikushindwa. Kilichoshindwa ni mkono wangu. Nimemdanganya mkwe bila kujua, na mimi sijawahi kumshinda mtu kwa udanganyifu. Litaanza upya. Alisema kwa ukali sana, kwa mtu aliyekuwa anapigania kuhamishwa kwake mwenyewe.

Jerop alishusha jiriwa la kubania vyuma kutoka kwenye lori. Levi alizitoa fito nne, akazikata kwa msumeno wa chuma, akatoboa matundu mapya, akakaza. Hatua ya gari ikawa fupi tena, si fupi kama ilivyotoka kwa Adow, bali fupi ya ngazi za Nakhungu. Kwa kuwa gari fupi hupinduka upesi, aliing'oa betri kutoka katikati akaifunga mbele, chini kabisa, kwa mpira wa tairi, na Sufian akaongeza tone la mafuta kila shoki, kwa bismillahi.

Likaanza upya. Ya kwanza. Ya pili, tumbo likapita juu ya ukingo kwa nafasi ya unywele, na watu wakavuta pumzi pamoja. Ya tatu, lile tumbo la jiwe, gari lililikumbatia kwa gurudumu moja moja, springi za pazia zikiinama na kuinuka, mpaka likavuka. Kisha likafika kwenye ngazi ya nne, likajikunja nyuma ya bega la mwamba, na Levi hakuliona tena.

Hili hakulifikiria. Kibandani alizunguka mlima wake pande zote. Hapa alikuwa chini, kipofu, na kule juu kulikuwa na ufa.

Nakhungu aliliona vizuri. Alimwambia Nelima amwambie mkwe linakwenda kulia mno. Nelima akageuka akamwambia Levi linakwenda kulia mno. Levi akakata kushoto, lakini maneno yalipomfikia gari lilikuwa limeshajirekebisha lenyewe, na sasa likaenda kushoto mno. Nakhungu akasema, Nelima akasema, Levi akageuza. Kila neno lilifika limechelewa. Gurudumu la nyuma likaning'inia juu ya ufa. Nakhungu alimwona binti yake anafungua mdomo kutafsiri, akaona gurudumu linateleza, na hakuweza kungoja.

"Levi, simama!"

Levi akasimamisha.

"Rudi nyuma kidogo. Kidogo, nimesema. Hapo. Sasa kushoto."

"Ndiyo, mama."

"Mbele. Pole pole. Usikanyage kwa hasira. Limeshika. Mbele tu, mbele tu, mwanangu, mbele tu."

Antena ndogo ikaonekana juu ya bega la mwamba, kisha magurudumu, yakipanda ngazi ya mwisho, yakipita juu ya mkono wa mkaa, yakivuka kizingiti, yakipita katikati ya miguu ya Nakhungu, yakapotea ndani ya nyumba.

Kelele iliyofuata ilisikika mpaka barabarani. Sufian alimkumbatia mtu asiyemjua. Jerop alikimbia kwenye lori akapiga honi, akaishikilia. Nelima alipanda ngazi kwa magoti na mikono kama msichana.

Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wakakumbuka walichosikia, wakageuka kumtazama Nakhungu. Alikuwa ameweka pembe ya leso mdomoni. Alikuwa amemwita mkwe wake kwa jina. Amemfokea. Amemwita mwanangu. Na yeye amejibu. Wazee wa ukoo wangetaka neno lao, na faini ya blanketi, na pengine mnyama. Levi, chini, alishika rimoti kifuani, hajui aangalie wapi.

Leso ilianza kutikisika. Nakhungu alikuwa anacheka.

"Nimeshamwita," alimwambia Nelima, lakini alisema kwa sauti ya wote. "Sasa nikajifiche wapi, na nijifiche nini? Leteni hilo lori karibu. Kuku watakaa mbele."

Aliingia ndani kufunga mizigo. Walimsikia akiburuta sanduku, akiimba kidogo, akikohoa. Kisha sauti yake ikatoka tena mlangoni, ikashuka ngazi zote bila kupita kwa mtu.

"Levi. Gari lako limenibania sanduku ukutani. Rudisha nyuma."

Akarudisha.

"Si huko. Kushoto. Kushoto kwako wewe, si kwangu. Kidogo tena."